Vidonge Vyangu na Chai ya Mama Mkwe

Alhamisi, Mau Narok. Ukungu haujaondoka tangu asubuhi. Nimevaa sweta mbili na bado vidole ni baridi.

Leo nilienda Nakuru kuchukua majibu ya damu. Miezi miwili nimemeza dawa ya thairoidi, hii tezi yangu ya shingo iliyozembea, bila kuruka hata siku moja. Kipimo kiko palepale.

Nikaanza kumshuku kila mtu. Yule wa maabara aliyenitoa damu huku akiongea kwa simu. Wa duka la dawa, aliyenipa pakiti ya rangi tofauti na ya kwanza. Hata daktari, mbona anatabasamu sana?

Mwaka mzima niliambiwa ni uvivu. Nilisinzia tukivuna viazi, nikanenepa bila kula, nywele zikabaki kwenye kitana. Ikiwa dawa haifanyi kazi, basi labda mimi ni mvivu kweli.

Hilo ndilo lililoniogopesha.

Nilimwekea daktari pakiti mezani. "Hizi ni feki, si ndiyo?"

Aliigeuza, akasoma. "Hizi ziko sawa, madam. Unameza na nini?"

"Na chai."

"Ya maziwa?"

Nilitaka kucheka. Kwani kuna chai gani nyingine?

Kumbe maziwa huzuia dawa kuingia mwilini. Nimeze kwa maji matupu, kisha ningoje saa nzima. Anasema aliniambia siku ya kwanza. Nakumbuka aliniambia nimeze kabla ya kula. Lakini kwetu chai si kula.

Na chai yenyewe huletwa na mama mkwe. Ndiye aliyeniita mvivu mbele ya wageni. Tangu nipatikane na ugonjwa, kila alfajiri akimaliza kukamua huniletea kikombe kitandani, na kidonge kwenye kisahani. Hajawahi kuniomba msamaha. Husimama tu pale mpaka nimalize. Nilimshuku kwa hilo pia, nikidhani ananichunga.

Leo nimeona aibu. Nitakikataaje kikombe hicho? Kwetu ukikataa chai ya mtu, umemkataa mwenyewe.

Kesho nitaamka kabla yake. Nitameza dawa kwa maji, kisha niende zizini nimshikie ndoo mpaka saa iishe. Halafu nitamwomba chai.

Akinikuta nimeamka, itakuwa zamu yake kunishuku.