Valvu Alizozisugua Saidi

Jumanne, baada ya magharibi

...na bado naiona mikono ya mume wangu, marehemu Saidi, ikizisugua kwa msasa valvu za injini ya boti yetu mpaka zing'ae kama vijiko. Kila alipofungua injini. Aliona ndiyo kuitunza.

Leo fundi wa Katonga amenionyesha moja. Amesema ni nikeli iliyochanganywa na kromiamu. Kwenye moto mkali kromiamu huja juu na kuwa ngozi ya kuikinga. Ukiisugua ngozi hiyo, nyingine hutoka ndani, mpaka kromiamu inakwisha.

"Mama, hii sasa inaliwa na moto tu. Ikikatika, injini inazimika ziwani."

Shemeji Hamisi, anayeendesha boti siku hizi, alicheka. "Shemeji, kaka alizisugua miaka yote. Unataka kusema alikuwa hajui?"

Sikuweza kumsema Saidi mbele ya fundi. Hamisi akazirudisha valvu zilezile.

Kesho alfajiri anapeleka abiria Mwamgongo. Naogopa. Nawaona akina mama wamepakata watoto, injini kimya, mawimbi yanawasukumia kwenye mawe.

Saidi, nisamehe. Naenda kumwambia Hamisi kwamba ulikosea.