Lambo Limelitaka Itongo Letu

Baba,

Nakuandikia mlango ukiwa umefungwa kwa ndani, maana nikianza kulia mwenye nyumba wangu hapa Buhare atataka kujua kulikoni. Kesho asubuhi ramani inakwenda wilayani. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa, hata kabla ya Mama.

Tangu utuache nimepata nafasi ya kujitolea kwenye ofisi ndogo ya upimaji, Musoma mjini. Walinipeleka Bunda kujifunza ramani za kompyuta. Kuna kitu kinaitwa rasta, na usicheke, hakihusiani na nywele. Ardhi yote inakatwa vipande vya mraba, vidogo vidogo, na kila kipande kinapewa namba: ya mteremko, ya udongo, ya umbali kutoka barabarani. Unayapanga matabaka hayo moja juu ya lingine, programu inazidisha namba kwa namba, halafu inakuonyesha mahali pazuri kwa rangi ya kijani. Pasipotakiwa kuguswa, kama nyumba za watu, unapapa sifuri, basi panafutika. Niliipenda kazi hii mpaka nikasahau kula. Najua ungenitania tu: "Hiyo kompyuta yako inajuaga ng'ombe wanakunywa wapi?"

Baba, nilichopewa ni hichohicho. Kijiji chetu kinatafutiwa lambo la kunyweshea mifugo. Kiangazi kilichopita ng'ombe walikufa, hata yule mweupe uliyemkataza Mama kumuuza. Dada Rhobi, mkubwa wangu wa kazi, akaniachia ramani hiyo niifanye peke yangu. Nikaweka kila nilichofundishwa, nikabonyeza. Kijani kikatokea bondeni, kimekolea kweli, na katikati yake ni itongo letu, pale tulipohama.

Setilaiti haioni kaburi. Tulipohamia kando ya barabara na boma la zamani kuanguka, yenyewe iliona majani na minyaa, ikaandika: pori. Wewe uling'ang'ania uzikwe palepale, ubavuni kwa Bibi, "nikae na watu wangu," na sasa kompyuta inasema hapo hapana mtu. Niliikasirikia mashine. Nilikukasirikia na wewe, Baba, kwa nini hukukubali tukulaze kando ya barabara tuliko?

Nikachora duara juu yako, nikaliwekea sifuri. Wewe peke yako. Kijani kikasogea kidogo tu, kikawakalia wazazi wa mzee Wambura, jirani yetu wa zamani. Nikalifuta duara haraka, kama mtu aliyefumaniwa.

Dada Rhobi nilipomweleza hakunigombeza, ila alisema bila alama za GPS hawezi kuandika makaburi yasiyoonekana. Nikapanda gari la Butiama kwenda nyumbani. Baba mdogo akagoma. Kwake yeye, wafu hawanyooshewi kidole mbele ya mtu wa ofisi, hata kama mtu huyo ni mimi aliyenibeba mgongoni. Nikamweleza maji yatafika wapi. Kisha akavaa viatu vyake vya mvua, akatangulia. Kila alipofika alisimama tu, mikono nyuma, akamtaja aliyelala pale, nami nikapiga alama aliposimama. Wengine sikuwahi hata kuwasikia. Kwako hakutaja jina. Alisimama, akasimama, na mimi nikashindwa kukiona kioo cha simu.

Leo nimeingiza alama zote. Matongo yote ya bonde, ya kwetu na ya wenzetu, nimeyapa sifuri. Nikabonyeza tena.

Uko salama, Baba. Nyote mko salama. Kijani kimeteremka chini ya bonde, kimetua kwenye shamba la mihogo la Mama. Lote.

Unalijua. Mlilifyeka pamoja mkiwa hamna hata jembe la pili. Ndilo linalomlisha, ndilo linalomtoa nyumbani asubuhi badala ya kukaa akikulilia. Na mimi najua jinsi ya kulifuta. Ni kazi ndogo, na hakuna atakayeuliza. Nimekaa na kompyuta mapajani, kidole juu ya kitufe. Lakini mihogo itapandwa pengine, na ng'ombe wa kijiji kizima hawana pengine pa kunywa. Nimekutoa wewe majini, nimemtia Mama. Ninaogopa, Baba. Ninaogopa jinsi atakavyonitazama.

Pumzika na watu wako. Nakuahidi ramani sitaigusa tena, na haitafika wilayani kabla haijafika kwa Mama. Nikimaliza mstari huu nakimbilia gari. Nitamkuta shambani, najua. Nitamsaidia kupalilia kwanza, kisha nitamwambia kwamba siyo serikali, wala siyo kompyuta iliyolichagua shamba lake. Ni mimi.

Kwaheri, Baba yangu.

Mwanao,
Nyangeta