Mguu wa Breki

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto. Natumaini hamjambo, na kile kikohozi cha shemeji kimetulia. Mimi sijambo, ukiacha hii miguu. Utashangaa kuletewa barua na wanao, wakati kila siku nafika mlangoni kwako kuwachukua na basi la shule. Nimejaribu kukuambia kwa mdomo, nimeshindwa.

Basi, juzi nilikwenda kliniki ya miguu, angalau uache kunisumbua. Sijapata kuona mkusanyiko wa ovyo kama ule. Mama mmoja mwenye mishipa iliyovimba na kujisokota kwenye mashavu ya miguu alikuwa akimwonyesha kila anayeingia, utadhani anaiuza. Bwana mmoja mnene, kidole gumba chekundu kwa jongo, alilalamika kwamba hata upepo wa feni unamuumiza. Nikajisemea hawa ndio wagonjwa, mimi nimekuja kukaa tu.

Daktari mwenyewe ni kitoto, ndevu bado hazijaamua kuota. Alitaka nivue viatu, soksi na suruali. Nikamwambia unaonisumbua ni mguu wa kulia peke yake, akasema lazima ailinganishe yote miwili. Nikasimama na chupi, mtu mzima mimi, naye ameinama anayakodolea magoti yangu kama seremala anayekagua meza iliyolegea. Akanitembeza kwa visigino, kisha kwa ncha za vidole. Akabonyeza muundi aone kama utabaki na shimo, akapapasa juu ya mguu akitafuta mapigo. Nikamwambia moyo wangu uko kifuani. Hakucheka, hawa vijana wamesoma kila kitu isipokuwa adabu.

Kisha akatoa kijiti chenye uzi mgumu wa plastiki. Nifumbe macho, na kila akinigusa unyayo niseme ndiyo. Mchezo wa chekechea kabisa. Nilichungulia kidogo, akaniona, akanifunika uso kwa taulo. Nikaendelea kwa kukisia: ndiyo, nanyamaza kidogo, ndiyo tena. Nikajiona nafaulu. Katikati ya ndiyo zangu nikasikia maji ya bomba yanatiririka. Nilipoondoa taulo, daktari alikuwa kwenye sinki ananawa mikono, amenipa mgongo.

Alivuta kiti akaniambia sukari imeua hisia za nyayo zangu, wa kulia umezidi. Akauliza nafanya kazi gani. Nikamwambia ni mlinzi wa geti, akaandika hivyo hivyo, na nikamdharau kwa kuniamini.

Sasa nisikilize, mdogo wangu. Ni miezi sasa siujui mguu wangu uko wapi mpaka niutazame. Nikitaka breki nainama kidogo kuutafuta. Wiki iliyopita pale getini pa shule nilikanyaga, basi likaendelea kwenda, maana mguu ulikuwa umetua pembeni ya breki. Nikavuta breki ya mkono. Kitinda mimba wako alikuwa mbele ya basi, amechuchumaa anafunga kamba za kiatu. Bado kidogo sana nimkanyage. Nilishuka nikamtukana fundi wa magari mbele ya walimu kwamba ameharibu breki, na fundi wa watu amefukuzwa kazi. Toka siku hiyo nimewadharau watu wote ili nisibaki na mtu mmoja wa kumdharau.

Leo mchana nimempa mwalimu mkuu funguo na kumweleza yote. Wanao watarudishwa na dereva mwingine, msiwe na wasiwasi naye. Kesho asubuhi nakwenda nyumbani kwa fundi, sijui nitaanzia wapi. Naogopa, mdogo wangu, na sina kazi nyingine ninayoijua.

Msalimie shemeji, na watoto wote. Kitinda mimba atakuuliza kwa nini mjomba haendeshi tena. Mwambie wewe, tafadhali. Siku ile alinikimbilia akanishukuru kwa kumwokoa, nami nikampokea mkono.

Ni mimi kaka yako.