Siku Uliponiamkia Mimi

Bibi yangu wa Makote,

Tangu tulipokuzika kuna jambo linanikereketa, na wa kumuuliza ni wewe tu. Ule ujanja wa shikamoo uliutoa wapi?

Nilikuwa na miaka mitano nilipoteleza mkoroshoni nikifuata bibo, nikatua kwa kidevu. Kidonda kilikuwa kidogo tu. Shavu la kushoto lilipovimba karibu na sikio, ukasema ni matubwitubwi, ukanipaka masizi, nami nikaringa nayo kijiji kizima. Ila macho yako hayakutulia. Uliona nikipanua mdomo, kidevu kinakimbilia kushoto.

"Meno yanakutana?" ukaniuliza. Hayakukutana.

Ukanipeleka hospitali Masasi, nikapigwa picha ya mifupa. Daktari akasema taya limevunjika juu kabisa, karibu na sikio. Ukamkazia macho.

"Kaangukia kidevu, mwanangu. Sikio limeingiaje hapo?"

Akakueleza kwamba kishindo hupanda na taya mpaka pale palipo pembamba. Ulifurahi, ukamrudisha aeleze tena. Hakunifunga meno kwa waya. Mifupa ya mtoto huunga upesi, alisema, na kuibana mno kungeweza kulikakamaza taya, nikue na uso uliopinda. Nile vyakula laini, na kila siku nifungue mdomo mpaka mwisho.

Uji nilikunywa. Mdomo sikuufungua, maana uliuma. Ulibembeleza, ukatisha, ukachoka, nikakuona unafuta machozi kwa kanga. Kesho yake ukaja mbele yangu, ukapiga goti.

"Shikamoo, babu."

Nilicheka. Lakini shikamoo haiachwi hewani, ulinifundisha mwenyewe. Nikajibu kwa mdomo wa sindano, "Marahaba."

"Sijasikia. Wazee huitika kwa mdomo mpana."

"Marahabaaa!"

Tangu hapo majirani wote wakawa wananiamkia, hata Baba Zuhura na mvi zake. Niliitika huku machozi yananitoka, kwa utamu wa kuwa mkubwa. Taya likanyooka.

Maneno yenye "aaa" yako mengi, Bibi. Kwa nini lile? Ulijua mtoto atavumilia maumivu ili aheshimiwe, au ulikuwa unanitania tu, likatokea la maana? Najiuliza kila ninaponyoa ndevu, na nimekukosa sana.

Jana nimepita kaburini kwako. Nikapiga goti, nikasema, "Shikamoo, Bibi." Nikasubiri.

Haiachwi hewani. Nikaitika mwenyewe, kwa mdomo mpana.

Pumzika, Bibi.

Mjukuu wako,
yule babu wa miaka mitano