Saa ya Babu kwenye Orodha

Jumapili, 3 Agosti 2025

Husna amemwaga uji wote kwenye mkeka sasa hivi, halafu akanikazia macho kama mimi ndiye niliyemwaga. Mwaka mmoja na miezi mitatu tu! Nimecheka, nimefuta. Amelala na uji sikioni.

Jana arobaini ya Babu Athumani imekwisha salama. Mtani wetu Mzee Hashimu katuvunja mbavu. Kavaa koti la Babu, kavaa na saa yake, akapita katikati ya wapishi anakokota mguu vilevile kama marehemu, kila hatua anaitazama saa. "Nyie wanawake, tangu saa sita wali haujaiva, mnapika au mnaulea?" Shangazi Rukia kacheka mpaka kalia. Kisha mtani akagoma kuivua saa mpaka akombolewe kwa kuku. Nimetoa jogoo wangu mimi, maana saa ni yangu. Mimi mjukuu sirithi, baba yangu alitangulia kabla ya Babu, lakini Babu aliusia mbele ya Baba Mkubwa Selemani na Shekhe Ismaili: saa mpeni Shamimu.

Alipewa na mzungu mzamiaji, enzi zile anawapikia wageni waliokuja kutafuta gesi hapa Msimbati. Uso wake ulikuwa mweusi, siku hizi umekuwa kahawia kama chai ya rangi. Baba Mkubwa kanivalisha mwenyewe. Imenipwaya, akasema haya, chukua bangili yako!

Jumanne, 5 Agosti

Meseji, namba siijui. Ameona saa kwenye klipu ya mtani! Mwajuma, binti wa Shangazi, aliirusha mtandaoni. Na namba yangu katoa yeye.

Anaitwa Fredi, yuko Dar, ananunua saa za zamani. Nisiisugue, nisimpe fundi aifungue, ule ukahawia ndio thamani yenyewe. (Na Shangazi alishashika dawa ya meno aing'arishe!) Kasema atanipa milioni kumi na nane.

Nimesoma mara tano. Nimempa mume wangu Jafari asome, labda nimeongeza sifuri. Sijaongeza.

Nyumba ya Babu na mikorosho yake yote haifiki hapo.

Fredi anasema nisimwambie mtu. Tusiandikishane chochote, watu wa kodi wakijua nitabaki na mkanda tu. Jafari naye anaamini serikali inachukua nusu. Nimeificha saa kwenye mfuko wa nepi chafu. Mwizi wa kutia mkono mle bado hajazaliwa.

Jumatano, 6 Agosti

Mwajuma amefuta klipu, lakini kanicheka. Dada, watu mia tatu wameshaiona, unafuta nini? Jirani kaja kuomba chumvi, jicho lake mkononi mwangu. Jana hakuna aliyekuwa na haja na mkono wangu.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimekwenda Mtwara mjini, mahakamani, Husna mgongoni. Kuna karani wa mirathi, dada Theresia, mama wa makamo, anaongea kama mwalimu. Nikamwambia nina rafiki yangu kaachiwa kitu cha bei.

"Rafiki yako huyo naye ananyonyesha?"

Nguo ilishalowa maziwa kifuani. Nilitamani benchi linimeze. Lakini akanisogeza pembeni, akasema taratibu. Kodi ya kurithi hapa hakuna, asikutishe mtu. Siku ukiuza, nenda kwa watu wa mapato uwaulize unadaiwa nini, na muuziane kwa maandishi. Anayekukataza kuandika anajilinda yeye, hakulindi wewe.

Nikauliza, orodha ya mali inabandikwa ubaoni watu wote wasome? Hapana. Ubaoni ni tangazo la marehemu na msimamizi. Orodha inakaa kwenye jalada. Mtaa mzima usijue, hiyo ni haki yako. Warithi wasijue, hapo hapana.

Njia nzima nilikuwa nafurahia kodi. Kufika kwenye daraja ndipo lile neno la pili likaniingia. Warithi.

Ijumaa, 8 Agosti

Baada ya swala nimemuuliza Shekhe Ismaili. Wasia mwisho theluthi ya mali yote. Ukizidi, kilichozidi ni cha warithi mpaka waridhie wenyewe. Akaniuliza, kwani Babu alikuachia nini zaidi ya ile saa? Nikasema hamna, shekhe, nataka kujua tu.

Usiku nimeongea na Jafari. Hakupandisha sauti, hapandishi kamwe. "Mama Husna, nani kakuuliza bei? Hakuna. Basi hujadanganya mtu." Alikuwa amemlaza Husna kifuani. Kile kiwanja chetu kina msingi tu, miaka mitatu sasa, nyasi zimeota ndani. Nimeona bati. Nimeona Husna na mlango wa chumba chake.

Nimezima taa.

Jumapili, 10 Agosti

Baba Mkubwa kaja jioni, ananukia salfa, katoka kupulizia mikorosho ya Babu. Yeye ndiye msimamizi wa mirathi, kaleta orodha ya mali niisome, macho yake siku hizi hayaoni vizuri. Kaandika kwa mkono wake. Nyumba ya tope, bati kumi na nane. Mikorosho sitini. Kitanda. Baiskeli, haina mnyororo. Mstari wa mwisho: saa ya mkono, mbovu, Sh 5,000.

Kasema kaandika bei ndogo makusudi, nisije kusumbuliwa na mtu. Kesho anaapa mahakamani kuwa orodha ni ya kweli.

Yeye ndiye alinisomesha mpaka kidato cha pili baada ya baba. Aliuza mbuzi mmoja mmoja.

Nimemsomea orodha yote. Nilipofika kwenye saa nimeisoma haraka. Akasema vizuri, mwanangu, umesoma vizuri. Kambusu Husna, kaondoka.

Anaapa yeye, ninayejua ni mimi.

Jumatatu, 11 Agosti

Mahakamani, benchi la nje. Nimemwambia Jafari naenda kumsindikiza mzee. Kaniangalia, kaelewa. Kanifungia Husna mgongoni mwenyewe, kafunga kanga vizuri.

Saa nimekuja nayo. Shangazi Rukia yupo, kavaa gauni la Idi. Anamtania Baba Mkubwa: leo kaka umechana nywele, unakuja kuapa au kuposa?

Fredi katuma tena asubuhi. Milioni ishirini sasa, na leoleo anatuma mtu.

Nimeanza kumwambia Baba Mkubwa mara mbili. Mara ya kwanza pikipiki ikapita. Mara ya pili nikamuuliza kama amekula. Amekula, muhogo. Ndicho nilichotaka kujua?

Woga wa kodi umeniisha. Huenda warithi wakaridhia. Huenda Shangazi akataka haki yake, ana watoto sita, nani atamlaumu? Bati zangu zitapungua. Lakini yule mzee anaweka mkono juu ya Msahafu kwa

Tumeitwa. Baba Mkubwa kasimama mlangoni ananipungia, kalamu yake imegoma, anaomba hii yangu atie sahihi. Nakuja, Baba Mkubwa, nakuja, nitakupa, ila kabla sijaiachia mkononi mwako nitakuambia bei ya