Jembe na Nyumba Si Uchaguzi

Mwanza,
Jumapili, baada ya ibada

Mama mpendwa,

Shikamoo, na Baba umfikishie shikamoo yake. Mguu wa Bibi unaendeleaje? Ameacha kwenda nao shambani kabla haujapona? Mimi mwili ni mzima, ila nimechoka moyo, na nisipokuandikia wewe nitamgombeza mtu asiye na kosa.

Nilikwambia kuwa katika somo la sanaa tunafundishwa kuchora mabango ya kumweleza mtu jambo hata kama hajui kusoma. Mradi mmoja wa afya uliomba shule yetu mchoro wa kuzuia ugonjwa wa kuhara katika vijiji vya ufukweni mwa ziwa, wakachagua wangu. Mambo yenyewe ni mawili: chimba choo, na nyumbani chemsha maji ya kunywa. Mwalimu Masanja husema mchoro mzuri huondoa kila kisichohitajika. Basi nikaondoa. Nikaondoa shimo, nikaondoa sufuria, nikaondoa watu, mpaka kushoto likabaki jembe na kulia ikabaki nyumba, kila kimoja ndani ya kisanduku chake, na maneno chini. Nililiona bango hilo zuri kweli.

Kabla ya kuchapishwa, mimi na Stella, ninayekaa naye dawati moja, tulitumwa kwenye mwalo mmoja wa wavuvi, pale mitumbwi inaposhushia samaki, baada ya Nyegezi tukawaulize watu maswali mawili tu: unaona nini, na picha inakuambia ufanye nini? Kuwasaidia ni marufuku. Unanijua, Mama. Mimi hata chumvi dukani humtuma mdogo wangu Byera. Nilisimama karibu na mama mmoja aliyekuwa akikaanga mapanki, yale mabaki ya sangara viwanda vikishatoa minofu, mpaka yeye mwenyewe akaniuliza kama nimepotea.

Nikamwonyesha bango, maneno ya chini nikiwa nimeyakunja. “Unaona nini, mama?”

“Jembe na nyumba.”

Nilifurahi! “Picha inakuambia ufanye nini?”

“Nichague.”

“Uchague nini?”

“We mtoto, si ndiwe uliyeleta karatasi? Miye miaka yote nyumba. Jembe nilishalichoka.”

Mzee mmoja aliyekuwa akinywesha ng’ombe akasogea. “Mwenye jembe alituahidi lambo la kunyweshea mifugo. Liko wapi? Na hawa wagombea mbona hamjaweka sura zao?”

“Siku hizi vyama vingi, mzee,” kijana mwenye nyavu akamcheka. “Wanafunzi hawa wamelala tangu enzi za chama kimoja!”

Mimi sijawahi kupiga kura, Mama. Nani angeniambia kwamba jembe na nyumba ndizo alama walizokuwa wakipewa wagombea wenu wawili, uchaguzi hadi uchaguzi? Karibu kila tuliyemuuliza alichagua. Hakuna aliyetaja choo. Hakuna aliyetaja maji. Mwishoni nilipoeleza maana yake, yule mama akasema, “Sasa si ungesema?” Nilitaka kulia. Bango halisemi! Ndiyo kazi yake, kueleweka bila msemaji!

Stella alikuwa ameketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akijaza fomu zake bila kumuuliza mtu. “Andika ‘ameelewa’,” akaniambia. “Nani atakuja kuhakiki? Unataka kuua mchoro wako mwenyewe?”

Niliandika “hajaelewa”, fomu baada ya fomu, mkono ukiniuma kwa hasira.

Mwalimu Masanja alizisoma zote akasema, “Utafiti wako umefaulu. Mchoro ndio umeanguka.” Lakini bwana wa mradi hataki kusikia. Ati bango linapendeza, karatasi imeshafika, wiki ya kwanza ya likizo ikiisha wanachapisha. Mwalimu alibishana naye mpaka akakubali jambo moja: tukimletea mchoro mwingine uliokwisha kujaribiwa kwa watu kabla ya siku hiyo, atachapisha huo.

Kwa hiyo, Mama, naomba unisemee kwa Baba. Najua kahawa imeiva na mnaihesabia mikono yangu. Naomba wiki moja tu, nilale kwa Shangazi kule Nyegezi, niende mwaloni kila asubuhi na michoro mipya. Safari hii namchora mtu anachimba, na mwingine anachemsha maji. Nikikosea tena nitafuta, nitachora upya, nitauliza upya.

Mwalimu nimeshamwambia nitabaki. Sijawahi kusema neno kama hilo kabla ya kuwauliza ninyi, nisameheni. Mkikataa nitapanda meli ya kuja nyumbani bila kununa. Lakini hapo bango langu la kwanza litabandikwa mwalo hadi mwalo, watu watachagua nyumba au jembe, kisha watainama palepale wanaponywea ng’ombe na kuchota maji ya kunywa.

Bibi mwambie asinyanyue mkungu wa ndizi. Mjomba katekista asalimiwe, na Byera aache kuvaa viatu vyangu. Nijibuni upesi, kwa yeyote anayekuja na meli.

Ni mimi binti yenu, ninayewaomba,
Koku