Pale Moto Unapotengana na Maji

Plumstead, London
9 Januari 2026

Kwako Baba,

Pokea salamu nyingi, wewe na Mama. Goti lako limepata nafuu? Sisi ni wazima, na Jerop bado yuko wodi ya watoto njiti lakini anaongeza uzito. Uliuliza kwa nini tulimpa jina la mvua. Kweli ilikuwa ikinyesha alipozaliwa, ila katika mji huu, Baba, ukifuata mvua watoto wote wataitwa Jerop.

Leo nesi Lorraine ameniambia mtoto huenda akaruhusiwa baada ya wiki mbili, kisha akauliza kama nyumba ina joto. Nikasema ndiyo. Nilidanganya. Ile boila ya gesi ya kupashia nyumba na maji, tuliyoikuta jikoni tuliponunua nyumba, imezimika tena, mara ya tatu tangu Novemba. Tunalala na makoti na maji ya kuoga tunachemsha kwa birika. Jotham anataka tuweke mpya. Nimemwambia tungoje neno lako, maana wewe umekaa na boila ya kiwanda cha chai miaka thelathini na moja. Amenyamaza, na mume wangu akinyamaza hivyo ujue amekasirika.

Binti yako,
Priscilla

Kericho
10 Januari 2026

Mwanangu Priscilla,

Sisi hatujambo, ila goti linajua kuna baridi kabla yangu. Barua yako nimeisoma kwa simu ya mama yako, lakini mimi naandika kwa kalamu, na Hillary wa dukani ataipiga picha hii barua akutumie. Huyu husoma kila kitu, kwa hiyo akisoma hapa namsalimu.

Msikimbilie kutupa. Watu wa siku hizi kitu kikikohoa tu wanakichimbia kaburi. Unajua boila yangu iliondolewa kiwandani ikiwa bado inafanya kazi, kwa sababu meneja Langat alipenda vitu vipya, na mimi nikafukuzwa pamoja nayo. Mpaka leo mama yako akikutana na Langat kanisani anatazama ukuta.

Mwambieni fundi akarabati. Pampu hubadilishwa, valvu hubadilishwa, bomba hubadilishwa. Lakini kabla hajagusa kitu, muulize swali moja: pale moto unapotengana na maji, pako vipi? Nijibu hilo.

Baba yako

Plumstead
12 Januari 2026

Baba mpendwa,

Natumaini mmeamka salama. Fundi amekuja. Anaitwa Surjit, Singasinga mzee aliyezaliwa Kisumu. Aliponisikia nikiongea Kiswahili na Jotham akaweka begi chini: "Mama, wewe mtu ya wapi? Kericho? Huko mimi nilikuwa naleta pampu ya viwanda." Basi nikamuuliza swali lako. Akanitazama vizuri, akasema hajawahi kuulizwa hivyo na mwenye nyumba.

Alipofungua akaniita nione. "Ambia mzee yako, hapo iko ufa. Tena mtu ya zamani alipaka dawa ya chuma juu yake, akafunika." Alifunga gesi palepale na kubandika karatasi nyekundu. Amesema moshi wa pale hauonekani na hauna harufu, na mtu hulala nao asiamke.

Kuna kipande kingine, kimetoka kwenye boila kuukuu kama yetu. Anaweza kukitia. "Lakini nyumba ya binti yangu, mimi siweki." Hayo ndiyo maneno yake.

Lorraine amesema Jerop atatoka Alhamisi ya tarehe 22. Baba, ukisema turekebishe, nitamwambia Jotham turekebishe. Naomba tu uniambie upesi.

Priscilla wako

Plumstead
15 Januari 2026

Baba,

Hujambo? Nimengoja siku tatu. Hillary anasema hujafika dukani. Umekasirika kwa sababu nilimsikiliza fundi? Surjit anahitaji siku mbili za kazi na Alhamisi inakuja. Nikimleta mtoto kwenye nyumba hii ilivyo, sitalala. Nikienda kinyume chako, pia sitalala.

Priscilla

Kericho
17 Januari 2026

Mwanangu,

Nisamehe. Hii naiandika mwenyewe kwa simu ya mama yako, kidole kimoja, siku ya tano sasa, kwa sababu sitaki Hillary aisome. Mara mbili nimeifuta yote kwa bahati mbaya.

Weka mpya. Usingoje.

Mwaka ule wa 2006 boila yangu ilipata ufa palepale nilipokuuliza. Niliuchomelea mwenyewe, nikapaka rangi, sikumwambia mtu. Jumanne moja ukaachia, mvuke ukajaa chumba kizima. Watu walikuwa nje wakinywa chai, ndiyo maana wako hai. Usiku huo nilichana karatasi mbili za katikati kwenye daftari lako la hesabu, nikamwandikia Langat aiondoe ile mashine. Alinibembeleza nibaki nijifunze mpya. Nilikataa kwa aibu. Nyumbani nikasema nimefukuzwa.

Sikunyamaza kwa hasira. Niliona natoa shauri la kiburi juu ya nyumba ya mtoto mchanga, nikaogopa.

Baba yako

Plumstead
23 Januari 2026

Baba yangu mpendwa,

Salamu kutoka nyumba yenye joto. Jotham ameketi kwa fulana, mimi sina soksi, na Jerop amelala kifuani pangu tangu saa nane. Surjit alimaliza Jumanne. Hakuchukua chai mpaka alipopima kila kitu mara mbili, kisha akasema nimwambie mzee kwamba hapo pako safi. Jana Lorraine aliponiuliza tena kama nyumba ina joto, nilimjibu nikimtazama usoni. Nilipoisoma barua yako nililia, kisha nikampigia Surjit. Baba, nimefurahi kwamba wale watu walikuwa nje wakinywa chai. Nimefurahi kwamba uliandika, wakati ule na sasa.

Lakini yale mambo ya karatasi hatujamaliza. Mwalimu Anastasia alinisimamisha nje ya darasa asubuhi nzima kwa kuchana daftari, na jioni ukanihubiria juu ya kutunza vitu.

Je, Mama anajua?

Binti yako,
Priscilla

Kericho
25 Januari 2026, Jumapili

Mwanangu Priscilla,

Tunamshukuru Mungu kwa Jerop. Mambo ya daftari nakubali, ulionewa.

Mama yako nilimwambia jana akikamua ng'ombe. Aliendelea kukamua mpaka ndoo ikajaa. Kisha akaniuliza, "Kwa hiyo miaka yote hii natazama ukuta bure?" Leo ibada ilipoisha alinishika mkono wa koti, tukaenda moja kwa moja mpaka kwa Langat. Alimsalimia kwa mikono miwili, akamwambia tuna mjukuu London na nyumba yake ina joto. Langat alinitazama juu ya kichwa cha mama yako, akasema, "Hongera, mzee." Anakuja kwetu Jumatano kunywa chai, na barua hii Hillary anaweza kuisoma.

Babu yake Jerop